Hedifoni za Bluetooth kwenye kompyuta ya mezani ya Linux: sauti imekwama kituo gani?

Nyumbani kwetu kompyuta iko sebuleni, na sebuleni ndiko watoto wanakolala. Kazi yangu ya kunakili mahojiano yaliyorekodiwa huanza saa nne usiku, kila mtu akishatulia. Hedifoni ya waya ilinitumikia muda mrefu, lakini boksi la kompyuta liko chini ya meza, kwa hiyo kila niliposogeza kiti nilivuta waya, na waya ukakatikia pale pale kwenye pini. Nilipopata hedifoni ya Bluetooth nilidhani ni jambo la dakika tano. Ilinichukua jioni tatu. Mbili kati ya hizo zilipotea kwa sababu nilikuwa nabandika amri nilizookota huku na huku bila kujua zinagusa nini.

Siku hizi wenzangu wakiniletea tatizo hili huwa sianzi na amri. Naanza na swali: sauti imekwama kituo gani? Kutoka kwenye chuma hadi sikioni kwako kuna vituo vitano. Cha kwanza ni redio, yaani adapta ya Bluetooth yenyewe. Cha pili ni keneli, kiini cha Linux, pamoja na draiva, yaani programu inayoiendesha adapta, na fimwea, yaani programu ya ndani ya adapta yenyewe. Cha tatu ni BlueZ, huduma inayosimamia Bluetooth kwenye Linux. Cha nne ni seva ya sauti, ambayo leo ni PipeWire na zamani ilikuwa PulseAudio. Cha tano ni hedifoni. Ukijua kituo kilichokwama, dawa huwa ni amri moja au mbili.

Linux ina aina nyingi; mifano yangu ni ya Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04, ambayo ndiyo msingi wa Mint hiyo. Wenye Debian, aina nyingine ya Linux, nao nitawataja panapotofautiana.

KITUO CHA KWANZA: KOMPYUTA INA REDIO?

Laptopu karibu zote huja na Bluetooth ndani. Kompyuta za mezani sivyo. Nyingi zinazouzwa kwetu, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, ni mashine za ofisini zilizokwisha kutumika nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Huko ofisini zilichomekwa waya wa mtandao, kwa hiyo nyingi hazikuwekewa kadi ya Wi-Fi wala Bluetooth. Kama redio haimo, hakuna mpangilio wowote wa Linux utakaokusaidia.

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T kisha uandike:

    bluetoothctl list

Likitokea neno Controller likifuatwa na anwani ya herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta pacha, redio ipo na imetambuliwa. Ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kuoanisha. Ikikaa kimya, au ikisema inasubiri kuungana na bluetoothd, endelea kusoma.

Wengi itabidi wanunue adapta ndogo ya USB, na hapa naomba usiharakishe. Kuna mtego mmoja unaokamata watu kila siku. Vipo vifaa vya USB vinavyofanana kabisa na adapta, vimeandikwa Bluetooth, lakini kazi yake ni kupokea muziki kutoka kwenye simu na kuupeleka kwenye redio ya gari au sabufa. Ukikiangalia vizuri kina tundu la pini ya hedifoni pembeni, au kimekuja na kiwaya cha AUX. Kile kinachota umeme tu kwenye USB. Kompyuta haitakiona hata ukikichomeka mara mia.

Ukishachomeka adapta ya kweli, andika:

    lsusb

Tafuta mstari mpya uliotokea. Zile namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha ndizo kitambulisho halisi cha kifaa. Jina lililoandikwa kwenye boksi si chochote. Kwenye maduka yetu utakutana zaidi na aina mbili. Ya kwanza inajitambulisha 0a12:0001, Cambridge Silicon Radio. Hiyo ni chipu ya CSR8510, ya zamani na ya heshima, lakini imeigizwa mno. Adapta nyingi za bei ya chini zinazobeba kitambulisho hicho ni za kuiga, na nyingine hazijui hata nusu ya amri ambazo chipu halisi inazijua. Ya pili ni familia ya Realtek RTL8761B, inayojitokeza kama 0bda:8771, au 2357:0604 ikiwa ni TP-Link UB500. Nikiulizwa, nashauri hii ya pili. Inataka fimwea, lakini ikishaipata inatulia.

Namba za 5.0, 5.1 au 5.3 kwenye boksi zisikupandishie bei. Maboresho makubwa ya Bluetooth 5 yalikuwa upande wa Bluetooth ya kutumia umeme kidogo, ile ya saa na vipima mapigo ya moyo. Muziki kwenye hedifoni nyingi bado unasafiri kwa njia ile ile ya zamani. Mwombe muuzaji akuruhusu urudishe kifaa kikigoma. Hilo lina thamani kuliko namba yoyote.

Kama badala yake umefunga kadi ya ndani ya PCIe yenye Wi-Fi na Bluetooth pamoja, fahamu kwamba sehemu ya Wi-Fi hupita kwenye PCIe lakini Bluetooth yake hupita kwenye USB. Ndiyo maana kadi hizo huja na kiwaya chembamba cha kuchomeka kwenye pini za USB za ubao mama. Kikisahaulika, Wi-Fi inafanya kazi na Bluetooth haionekani kabisa, na mtu anahangaika na programu wiki nzima. Funga pia zile antena mbili za nyuma. Bila antena hedifoni itasikika ukiwa umeinamia boksi tu.

Na kama hedifoni yako imekuja na kijiti chake yenyewe cha USB, zile za kuchezea gemu hasa, basi si Bluetooth. Kompyuta inakiona kijiti kile kama kadi ya sauti. Chomeka, nenda kwenye mipangilio ya sauti, uichague. Umemaliza.

KITUO CHA PILI: KENELI NA FIMWEA

Adapta imeonekana kwenye lsusb lakini bluetoothctl list bado kimya? Muulize keneli imemwona mgeni gani:

    sudo dmesg | grep -i -E "bluetooth|rtl|csr"

Usiogope wingi wa mistari. Kwenye Realtek unatafuta mstari unaosema loading rtl_bt/rtl8761bu_fw.bin. Huo ni wakati keneli inapoimiminia chipu programu yake ya ndani, ndiyo fimwea. Chipu hii haihifadhi programu hiyo yenyewe. Kila unapowasha kompyuta inamiminiwa upya. Ukiona badala yake maneno Direct firmware load, kisha failed with error -2, maana yake faili halipo kwenye diski. Hakikisha:

    ls /lib/firmware/rtl_bt/ | grep 8761

Jina linaweza kuishia na .zst, haina shida, limebanwa tu. Likikosekana, kwenye Mint na Ubuntu:

    sudo apt update
    sudo apt install --reinstall linux-firmware

Kifurushi hicho ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, subiri lile la usiku. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa firmware-realtek, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 kimo kwenye fungu linaloitwa non-free-firmware. Fungu hilo lisipokuwemo ndani ya /etc/apt/sources.list, apt itakuambia haikijui.

Baada ya hapo zima kompyuta kabisa, chomoa adapta, subiri kidogo, ichomeke tena, uwashe. Kuwasha upya tu mara nyingine hakutoshi, kwa sababu tundu la USB linabaki na umeme na chipu inaendelea kushikilia hali yake mbovu.

Kwa wenye CSR, dmesg inaweza kukuambia Unbranded CSR clone detected. Keneli imekutambulia chipu ya kuiga na inajaribu kuipa msaada wake. Mara nyingi msaada huo unatosha. Ikiwa sauti itakatika kila dakika mbili hata baada ya kusasisha mfumo, usiendelee kuumia. Tafuta adapta nyingine.

KITUO CHA TATU: BLUEZ NA KUOANISHA

Hapa tunapita haraka. Huduma inafanya kazi?

    systemctl status bluetooth

Unataka kuona active (running). Kama sivyo:

    sudo systemctl enable --now bluetooth

Kisha hakikisha redio haijafungiwa:

    rfkill list

Penye Bluetooth ukiona Soft blocked: yes, ifungulie kwa sudo rfkill unblock bluetooth.

Sasa tuoanishe. Kabla ya chochote, nenda kwenye simu yako uzime Bluetooth. Hedifoni nyingi zikiwashwa hurukia kifaa cha mwisho walichoungana nacho, na cha mwisho karibu kila mara ni simu. Ikishashikwa na simu, kompyuta inaweza isiione kabisa. Zime na simu ya mwenzako pia kama naye hutumia hedifoni hiyo hiyo.

Kisha iweke hedifoni katika hali ya kutafutwa. Zile kubwa za kufunika masikio, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa hata baada ya kuwaka, mpaka taa ianze kupepesa haraka au kwa rangi mbili. Zile ndogo zenye kikasha, mara nyingi unafungua kifuniko na kushikilia kitufe cha kikasha. Kuwaka peke yake si kutafutwa. Watu wengi hukosea hapo.

Mint 22 ina Blueman karibu na saa, Ubuntu ina ukurasa wa Bluetooth kwenye mipangilio. Unaweza kutumia hizo. Mimi napendelea terminali, kwa kuwa ikishindwa inakuambia imeshindwa kwa nini:

    bluetoothctl
    power on
    agent on
    default-agent
    scan on

Subiri mpaka jina la hedifoni yako litokee pamoja na anwani yake, tuseme AA:BB:CC:DD:EE:FF. Mwanzo inaweza kuonekana anwani tupu bila jina. Ipe sekunde chache. Ukishaipata:

    scan off
    pair AA:BB:CC:DD:EE:FF
    trust AA:BB:CC:DD:EE:FF
    connect AA:BB:CC:DD:EE:FF

Huna haja ya kuandika anwani yote. Andika herufi mbili za mwanzo kisha ubonyeze Tab.

Ile trust wengi huiruka, halafu wanashangaa kwa nini kesho yake hedifoni haiungani yenyewe. Kuoanisha ni kupeana ufunguo. Kuamini ni kuiambia kompyuta: huyu akibisha hodi, mfungulie bila kuniuliza.

Kuoanisha kukigoma baada ya kuwahi kufanya kazi, futa pande zote mbili. Kwenye kompyuta andika remove na anwani. Kwenye hedifoni fuata maelekezo ya kitabu chake ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Upande mmoja ukibaki na ufunguo wa zamani, hawataelewana. Ndicho kinachowapata pia wenye Windows na Linux kwenye mashine moja: adapta ni ile ile yenye anwani ile ile, lakini kila mfumo umepewa ufunguo wake, na hedifoni inakumbuka wa mwisho tu.

KITUO CHA NNE: SEVA YA SAUTI

Hapa ndipo zilipoishia jioni zangu. Kuoanisha kulikubali, nikaandika connect, nikajibiwa:

    Failed to connect: org.bluez.Error.Failed br-connection-profile-unavailable

Niliisoma kama ubovu wa hedifoni. Siyo. Ujumbe huu unasema BlueZ imeifikia hedifoni vizuri, lakini hakuna yeyote ndani ya kompyuta aliyejitokeza kupokea kazi ya sauti. BlueZ yenyewe haichezi muziki. Inangoja seva ya sauti iseme: mimi niko tayari. Isiposema, safari inaishia hapo.

Jua kwanza una seva ipi:

    pactl info | grep "Server Name"

Jibu likiwa na neno PipeWire, kifurushi unachohitaji ni hiki:

    sudo apt install libspa-0.2-bluetooth

Likiwa pulseaudio tupu, kama ilivyo kwa kawaida kwenye Ubuntu 22.04, unahitaji hiki:

    sudo apt install pulseaudio-module-bluetooth

Usisakinishe vyote viwili kwa kubahatisha. Maelezo mengi yanayosambaa ni ya miaka ambayo PulseAudio ilikuwa peke yake. Fedora 34, aina nyingine ya Linux, ndiyo iliyotangulia, mwaka 2021, kuifanya PipeWire kuwa seva ya kawaida ya sauti. Ubuntu ikafuata na toleo la 22.10, na Mint na toleo la 22. Ukichukua amri ya mwaka 2018 ukaibandika kwenye mashine ya leo, unaweza kuishia na seva mbili zinazogombania kadi moja. Mimi yalinikuta, mpaka spika za kawaida nazo zikanyamaza.

Ukishasakinisha kifurushi cha PipeWire, washa upya seva zako. Angalia kwamba hapa hakuna sudo, lile neno la kuomba ruhusa ya msimamizi wa mfumo. Seva ya sauti ni ya mtumiaji, si ya mfumo mzima:

    systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Rudia connect. Ikijibu Connection successful, fungua mipangilio ya sauti uichague hedifoni kama pa kutolea sauti. Ukitaka kuona kila kitu waziwazi, sakinisha pavucontrol. Ukurasa wake wa kwanza unaonyesha kila programu na mahali inapopeleka sauti. Nimekuta mara nyingi hedifoni imeungana sawasawa lakini kivinjari bado kinapeleka sauti kwenye HDMI ya skrini.

KITUO CHA TANO: HEDIFONI, MUZIKI MZURI, MKUTANO MBAYA

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona nikiingia kwenye kikao cha Zoom au Google Meet sauti inageuka kama ya simu ya mezani? Mwingine anadhani Linux imeharibika, anaifuta kabisa. Linux haijaharibika.

Hedifoni ya Bluetooth ya kawaida ina namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza inaitwa A2DP. Sauti inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta kuja sikioni, kwa stereo na kwa nafasi kubwa. Kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili isafiri, ya lazima kwenye A2DP ni SBC, na kwa mpangilio wake wa ubora wa juu hubeba kama kilobiti 328 kwa sekunde. Katika namna hii maiki haipo kabisa. Ya pili inaitwa HSP au HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya simu. Sauti inakwenda na kurudi, maiki inafanya kazi, lakini njia ni nyembamba na ni mono, yaani sauti moja ile ile kwa masikio yote mawili. Kodeki yake ya zamani, CVSD, huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. mSBC iliyokuja baadaye huchukua 16,000. Linganisha na 44,100 za CD ya muziki uone kilichopotea.

Kwa hiyo programu ikiomba maiki ya hedifoni, kompyuta inalazimika kuhama kutoka A2DP kwenda HFP, na muziki nao unahamia kwenye ile njia nyembamba. Simu yako hufanya hivyo hivyo. Kwenye simu hulioni kwa sababu huchezi muziki katikati ya maongezi.

Kupata jina la kadi ya hedifoni yako:

    pactl list cards short

Chukua jina linaloanza na bluez_card, kisha ujirudishe kwenye muziki:

    pactl set-card-profile bluez_card.AA_BB_CC_DD_EE_FF a2dp-sink

Kwenda kwenye maongezi, weka headset-head-unit mahali pa a2dp-sink. Profaili zote za hedifoni yako, yaani namna zake za kufanya kazi, zimo kwenye pactl list cards pamoja na ile unayoitumia sasa, na ukiona yenye mSBC, itumie hiyo kwa vikao. Tofauti kati yake na CVSD inasikika wazi, hasa herufi za s na f.

Lakini dawa ninayoiamini ni kuacha kutumia maiki ya hedifoni. Chukua maiki ya kamera ya USB, au hata ile ya hedifoni ya waya iliyokufa upande mmoja, ichomeke, kisha ndani ya Zoom au Meet uichague kama maiki. Hedifoni inabaki A2DP, wewe unasikia vizuri, na unaosema nao wanakusikia vizuri zaidi kuliko awali. Mwalimu mmoja jirani yangu anafundisha jioni kwa mtandao namna hiyo, na wanafunzi wake wameacha kulalamika.

Kama kompyuta inaendelea kuhama yenyewe na wewe hutaki, angalia toleo la WirePlumber, programu inayoisimamia PipeWire, kwa wireplumber --version. Kwenye 0.5 na kuendelea unaizuia hivi:

    wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Ubuntu 24.04 na Mint 22 zina toleo la 0.4, kwa hiyo amri hiyo haitapita. Hapo chagua tu maiki nyingine iwe ya kawaida kwenye mipangilio ya sauti.

Wenye sikio la muziki wajaribu profaili ya a2dp-sink-sbc_xq, ambayo ni SBC ile ile iliyopewa nafasi zaidi. Hedifoni za bei ya kawaida zisizo na kodeki za ubora zaidi kama LDAC au aptX hunufaika nayo. Ikianza kukwaruza, rudi kwenye a2dp-sink.

SAUTI IKIKATIKA-KATIKA

Vituo vyote vinapitika, muziki unacheza, lakini ukigeuza kichwa unakatika. Kabla hujagusa programu, gusa adapta.

Bluetooth inafanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ikirukaruka kati ya njia 79 mara 1,600 kwa sekunde. Wi-Fi ya 2.4 iko hapo hapo. Na lipo jingine ambalo watu wengi hawalijui: matundu ya USB 3, yale ya rangi ya buluu, hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayo hayo yanapokuwa na kazi. Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Sasa fikiria adapta ndogo kama ukucha, imechomekwa nyuma ya boksi la chuma, pembeni yake diski ya nje ya USB 3, na boksi lenyewe liko chini ya meza, miguu yako na mbao vikiwa katikati yake na kichwa chako.

Nunua waya wa kurefusha USB, wa mita moja unatosha. Uchomeke kwenye tundu jeusi la USB 2, adapta iwe mwisho wa waya, juu ya meza, mahali inapoonana na hedifoni. Kwangu hilo peke yake lilimaliza kukatika kote. Ruta ikiwa na 5 GHz, hamishia kompyuta huko, au itumie waya wa mtandao.

Kukatika kukija baada ya kukaa kimya muda mrefu, huenda keneli inailaza adapta kubana umeme. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/btusb.conf lenye mstari mmoja:

    options btusb enable_autosuspend=0

kisha uwashe kompyuta upya. Kwenye mashine ya mezani hakuna betri ya kuonea huruma.

KUUNGANA KWA KITUFE KIMOJA

Hedifoni ikishaaminiwa, kuiwasha tu kwa kawaida kunatosha. Tatizo linabaki pale ilipokuwa kwenye simu mchana kutwa. Usitoe na kuoanisha upya. Zime Bluetooth ya simu, kisha:

    bluetoothctl connect AA:BB:CC:DD:EE:FF

Amri hiyo nimeiweka kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, nikaipa Super, kile kitufe chenye nembo ya Windows, pamoja na H. Na kabla sijaanza kazi ndefu huwa naandika bluetoothctl info na anwani, niangalie mstari wa Battery Percentage. Hedifoni nyingi huutoa. Ikiwa chini ya 30, naichomeka kwanza ichaji nikinywa chai, ndipo nianze kunakili.